Bulli anavaliwa soksini, nganya inapigwa rangi juu

Hapa Hannover, Ujerumani, soksi zenye picha ya Bulli, ile vani ya zamani ya Volkswagen, ziko kila duka la zawadi, na siku hizi zimeongezewa mazimwi. Dracula ameshika usukani, jitu lenye manyoya limekaa juu ya paa, mafuvu yanachungulia dirishani. Watu wananunua jozi mbili tatu na kwenda zao. Zinanifurahisha, na zinaniudhi vilevile.

Zinanifurahisha kwa sababu hawa wanajua wanachokitunza. Gari hilo la Volkswagen lilianza kuundwa Wolfsburg mwaka 1950, likahamishiwa kiwanda cha hapa Hannover mwaka 1956, na toleo la kwanza, lile la kioo cha mbele kilichogawanywa katikati, likakoma Ujerumani mwaka 1967. Lilikuwa gari la kazi: lilibeba mikate, mafundi na watoto. Mazimwi nayo yana historia. Kule Marekani, mchoraji Ed Roth alikuwa akipulizia rangi kwenye fulana mazimwi yanayoendesha magari tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 vijana wakajaza madragoni na wachawi ubavuni mwa vani zao. Soksi ya leo imekusanya yote hayo ikayaweka juu ya kifundo cha mguu.

Sasa niambieni: gari la abiria lililochorwa kuanzia bampa hadi bampa, lenye majitu ya meno makali na macho yanayowaka, ni la nani kama si letu Wakenya? Nganya moja, yaani matatu iliyorembwa, ya Rongai au Umoja ina kazi nyingi ya mkono kuliko rafu nzima ya soksi hizi. Mchoraji wetu anapuliza kivuli cha shavu kwa mkono, injini ikinguruma gereji ya jirani. Halafu mchoro unaishi maisha ya gari tu. Gari likiuzwa, likihamia Sacco nyingine (chama cha wenye matatu), au polisi wakianza msako, fundi anapiga rangi juu na hakuna nakala inayobaki. Sheria za matatu za waziri wa uchukuzi John Michuki za mwaka 2004 ziliokoa maisha, na mikanda na vidhibiti mwendo sina ugomvi navyo hata kidogo. Lakini michoro nayo ilizolewa humo humo, na hata baada ya katazo kulegezwa wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, hatukujifunza kuweka kumbukumbu. Michoro ya zile Peugeot 404 za mabenchi yanayotazamana, ya zile Nissan za abiria 14, leo unaiona wapi?

Nawasikia tayari. "Huyu amekanyaga theluji, sasa anatufundisha kuvaa. Hajui unga ni bei gani?" Najua, na mchoraji wa matatu naye anajua, ndiyo maana nataka mchoro wake nao uingie kwenye soksi, alipwe mara ya pili kwa kazi ileile. Wala sisemi Wazungu wana akili kuliko sisi. Nyingi ya soksi hizi ni mbovu, na ukitaka kujua kwa nini, igeuze ndani nje kabla ya kulipa.

Ukikuta ndani ni nyeupe tupu, hiyo imepigwa chapa kwa joto juu ya poliesta. Ikivutwa na mguu, weupe unajitokeza katikati ya picha na uso wa zimwi unapauka. Tazama pia ubavuni, pale soksi ilipokunjwa wakati wa kupigwa chapa. Picha mbili hazikutani na gari linakatika. Soksi iliyofumwa kweli ina nyuzi za rangi zinazopita kwa ndani. Hizo nazo zikiwa ndefu hunasa vidole na kukatika, kwa hiyo mchoraji anayejua kazi haachi rangi moja iruke mbali sana kabla ya kurudi. Mchanganyiko mzuri ni pamba kama asilimia 75 hadi 80, nailoni kiasi cha kuzuia kisigino kisitoboke, na spandeksi, ule uzi unaovutika, asilimia 2 au 3. Fua kwa nyuzijoto 30, ikiwa imegeuzwa, bila jiki, na usiikaushe kwa mashine ya moto. Spandeksi ikifa, soksi inateremka mpaka kwenye kiatu.

Mashine ya kawaida ya soksi nzuri ina sindano 168 zilizopangwa mviringo. Kila sindano ni safu moja ya vitanzi vilivyosimama wima, na kila kitanzi ni nukta moja ya picha. Mbele unapata 84, nyuma 84, na mstari mmoja hubeba rangi tano hivi. Hapo vivuli vyote vya nganya haviingii, lazima uchague. Taa ya mviringo ipe vitanzi saba kwenda juu, chini ya hapo inakuwa kisanduku. Maandishi yabaki neno moja. Gari lichore refu kwenda juu kuliko lilivyo, maana mguu ukiingia picha inapanuka ubavuni na kufupika.

Na zimwi la kuchora lisiwe Dracula. Irimu wa hadithi za Kikuyu ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Soksi ina mbele na nyuma! Mbele weka kijana mtanashati mlangoni mwa matatu, nyuma weka ule mdomo umeachama. Hakuna mchoraji wa Ulaya atakayefikiria hilo. Hapo ndipo ninapochoka kabisa, tukisubiri mtumba wa soko la Gikomba utuletee zimwi la wenzetu.

"Leseni je?" Swali zuri. Volkswagen hutoza watu kwa umbo la gari lake, na sura za wanamuziki na wachezaji mpira zilizo kwenye matatu zetu zina wenyewe, kwa hiyo hizo ziacheni. Irimu hana mwanasheria. Mchoraji anayo haki yake: iandikeni kwa karatasi, kiasi fulani kwa kila jozi. Soksi za shule zinafumwa Nairobi hapo hapo, ila mashine ya mistari mitupu haichagui sindano moja moja. Muulize mwenye kiwanda hilo kwanza, na umtake sampuli ya jozi moja iliyovaliwa mguuni, si iliyolala mezani.

Na wewe mwenye gari, kabla fundi hajafungua kopo la rangi, piga picha ubavu mzima. Simama umeuelekea wima, jua likiwa limepungua lisiakisi, upige vipande vinavyopishana kidogo kutoka mlango wa dereva hadi nyuma. Jina la mchoraji liandike hapo hapo.