Wenye nazo wanashindaje kesi? Galanter alikuwa sahihi, ila Bhopal inamsumbua

Mwaka 1974 profesa wa sheria wa Marekani, Marc Galanter, alitoa makala ambayo mpaka leo ukianza kujadili haki kwenye kesi za madai lazima uipitie. Alitaka kujua kwa nini wenye nazo ndo wanaoshinda mahakamani. Wengi tunajibu haraka, rushwa hiyo, au jaji kapendelea. Yeye akasema hata ukiweka jaji msafi kabisa bado watashinda tu, maana wao pale mahakamani ni wenyeji na wewe ni mgeni.

Chukua kampuni ya bima. Mkataba imeandika yenyewe, wakili wake makarani wote wanamjua, kesi ikikaa miaka mitano haiumii, wakati wewe umegongwa na gari mara moja tu maishani, mguu unauma na kodi ya nyumba inadaiwa. Na kubwa zaidi, hapa ndo naona Galanter aliona mbali sana, kampuni haipigani ishinde kesi moja, inapigania kanuni ibaki upande wake. Kesi yako ikiwa nzuri inakuita pembeni inakulipa mnamalizana, isije ikatoka hukumu ambayo wengine wataitumia, ikiwa mbovu inaipeleka mpaka rufaa. Miaka inapita, hukumu zilizopo vitabuni nyingi zinaibeba kampuni, na hakuna sheria hata moja iliyovunjwa.

Wanaompinga wanasema mgeni naye akipata wakili anayefanya kesi za ajali kila siku basi kapata mwenyeji wake. Ni kweli, ila Galanter aliliona hilo, wakili naye ana hesabu zake na uhusiano wake na mahakama anaoulinda kuliko kesi yako moja.

Dawa aliyoipendekeza ni wanyonge wajikusanye wawe kitu kimoja. Hapa ndo nasita, kwa sababu ya Bhopal, mji wa India.

Desemba 1984 gesi ya kiwanda cha Union Carbide, kampuni ya Marekani, iliua maelfu ya watu pale. Mwaka 1985 India ikatunga sheria kwamba serikali peke yake ndo itawasimamia waathirika wote, yaani wageni wote wakawa mwenyeji mmoja mkubwa. Galanter, aliyekuwa ameanza kusoma sheria za India tangu miaka ya 1950, akaisaidia serikali hiyo huko New York ilikoishtaki kampuni, akaeleza kwamba mahakama za India haziwezi kubeba kesi kama hii. Kampuni ikaleta mawakili wa Kihindi kusifia mahakama zao, na mwaka 1986 Jaji John Keenan akairudisha kesi India. Serikali ikadai zaidi ya dola bilioni 3, halafu Februari 1989 ikakubali milioni 470, waathirika wenyewe hawajaulizwa. Mahakama ya Juu ya India baadaye mwaka huohuo ikakubali kwamba walistahili kusikilizwa, ila makubaliano yakabaki, na mwaka 2023 ombi la kuongezewa fidia likatupwa.

Kwa hiyo ugonjwa Galanter aliupatia. Kwenye dawa mi nataka sharti moja, anayekusanya watu awarudie na namba mkononi kabla hajasaini, na asiyekubali aruhusiwe kuendelea na kesi yake, hata kama hilo litachelewesha malipo ya wengine. Najua kwa mjane anayesubiri hela ya dawa sharti hilo ni gumu, lakini Bhopal walinyimwa hata nafasi ya kulibeba.