Zabibu za Pilau la Kivule

Kisa ni pilau nililowapikia wakwe Jumapili kwenye banda langu la jiko, na naandika haraka kabla toleo la yule jamaa yangu wa Tabata halijawafikia watu wa maana. Kwenye toleo lake paa zima liliyeyuka, mama mkwe akagandana meno, na zimamoto wakaitwa. Uongo mtupu. Zimamoto hawakuitwa. Na nyie mnaoniita TARURA, wakala wa barabara, tangu jana, nawaona, majina ninayo.

Banda lenyewe mnalijua, nimewachosha nalo tangu masika yaishe. Kwa mgeni wa ukurasa huu: ni jiko la nje, futi 10 kwa 8, uani kwangu Kivule, karibu kila kitu cha kuokoteza. Jamaa sehemu hii huiruka, maana akiieleza kwa utulivu habari itakosa utamu: banda ni zuri. Nguzo sita ni mirunda iliyobaki kwenye ghorofa la watu. Mirunda ya saiti huja na maganda ya zege na misumari iliyokatikia ndani, ukiipitisha msumeno bila kuikagua unazika meno yote. Gonga zege kwanza, kisha ng'oa misumari kwa mtaimbo, kisha ndiyo upime. Chini nikapaka oili chafu ya gereji, rudia ikishakauka, kutoka kitako hadi shubiri moja juu ya usawa wa ardhi. Mti hauanzi kuoza chini kabisa ya shimo, unaanza pale udongo unapokutana na hewa, na mchwa nao wanapapenda papo hapo. Mashimo futi mbili na nusu, kwa sababu huku kwetu ni mchanga. Shimo fupi utalijutia kusi ikivuma. Kuzunguka nguzo nikashindilia kokoto na vipande vya tofali kidogo kidogo, huku mtu ameshika timazi.

Kimo cha paa mbele futi 8, nyuma futi 6 na nusu, maji yateremke. Kaunta ni mbao za paleti. (Mnaookota paleti, someni muhuri kabla ya kushukuru. HT maana yake mbao zilipashwa joto tu. MB zilifukizwa dawa ya kuua wadudu, methili bromaidi. Hizo zisiwe kaunta ya chakula, wala zisiwe kuni.)

Paa sasa. Mabati sita ya mgongo mdogo, futi 10, yalishushwa na jirani aliyehamia bati za msauzi. Nikayalaza yakipandana migongo miwili, msumari juu ya mgongo na siyo kwenye mfereji, kama inavyotakiwa. Ila bati kuukuu lina deni lake: matundu. Pao za jirani zilikuwa na nafasi zake, za kwangu zina zake, kwa hiyo matundu ya zamani hayakutani na misumari mipya hata kwa maombi. Niliposimama chini ya paa saa sita mchana, fulana yangu ilijaa madoa ya mwanga.

Fundi wa kweli huziba tundu kama hilo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, washa (ile ringi ya chuma) juu yake, bolti fupi, nati kwa chini. Kazi ya uvumilivu, tundu kwa tundu. Mimi nilikuwa na kopo la lami, masalia ya slabu ya mtu. Ilikuwa imekauka, nikaipasha, nikaona bado nzito, nikaikata kwa dizeli ilainike. Wanaojua mambo haya wameshashika vichwa. Lami kwenye paa si haramu, lakini huwekwa na kitambaa kinachoishikilia, na huwekwa kwenye paa la stoo au la choo, mahali pasipo na moto chini. Ukishaitia dizeli, haishiki upesi na inalainika kwa joto dogo. Jua la Dar peke yake linatosha kuitikisa.

Chini yake kulikuwa na jiko la kuni. La tofali za kuchoma kutoka kwenye tanuri la mkate lililobomolewa, limejengwa kwa udongo wa kichuguu na mchanga, maana saruji ikipigwa moto wa kuni kila siku inapasuka. Jiko zuri sana. Nililiweka upande wa nyuma, ule mfupi, ili upande wa mbele wageni wapate pa kukaa na kutazama. Fanyeni hesabu nami: paa futi 6 na nusu, jiko futi 1 na nusu, sufuria nayo futi 1 na nusu. Kutoka mdomo wa sufuria hadi bati ni futi 3 na nusu. Na moto wa kuni, mdogo wangu, huwa hausomi vipimo.

Basi Jumapili wakwe wakaja. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, na kwa mtu wa Tanga pilau ni mtihani wa taifa. Nikasema leo mpishi ni mkwe. Mchele kilo 4, nyama kilo 3, viungo nimetwanga mwenyewe: bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Kuni za mkorosho, kavu, zinawaka kwa sauti. Wakati nakaanga vitunguu nikasikia "chwaa" kwenye kijinga cha moto. Nikadhani mafuta yameruka. Mchele ulipoingia, supu ikachemka, sufuria iko wazi, moto nimeuzidisha. Nikasikia tena chwaa, na kanuka fulani, ka barabara ya mtaa siku mkandarasi anapomwaga. Mke wangu akauliza ni nini. Nikamwambia ni mkorosho.

Nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikaenda kupiga soga na baba mkwe habari za bei ya saruji.

Sasa hapa niende polepole, maana ndipo yule jamaa anapoharibu.

Nilirudi na wageni wote nyuma yangu, mama mkwe mbele, miwani amevaa. Nikaondoa makaa. Nikafuta mfuniko. Nikausimamisha kidogo, kwa makusudi, mtu asikie harufu kwanza. Mvuke ukapanda. Ukapungua. Pilau likaonekana: limechambuka, punje kwa punje, rangi ya chai ya maziwa. Na juu yake, hapa na pale, vitu vyeusi. Vya duara. Vinang'aa.

Kimya. Mama mkwe akainama.

"Mkwe, umetia zabibu?"

Wadau, kulikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilipita mbele yangu, nikaipungia mkono.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kwetu hatutii nyingi hivi."

Akachukua upawa, akachota kwenye ukingo, akaokota zabibu moja kwa vidole viwili. Akaibonyeza. Ikabonyea. Akaachanisha vidole, na zabibu ikafuatana navyo vyote viwili, ikawa uzi. Akazidi kuachanisha. Uzi ukawa mwembamba, mrefu, haukatiki. Watu wote tunautazama uzi. Shemeji yangu mdogo akatoa simu taratibu, kama mtu anayetoa kitambaa.

"Zabibu za wapi hizi, baba?"

Kabla sijaitaja Dodoma, ambako kweli hulimwa, nyingine ikadondoka. Tap. Katikati ya pilau, mbele ya macho ya mama mkwe, kutoka juu. Akaitazama ilipotua. Kisha akainua uso polepole, miwani ikashika mwanga, akalitazama bati. Sote tukalitazama. Katika tundu mojawapo ilikuwa inajikusanya ya tatu: inavimba, inarefuka, inafikiri.

"Shem," yule mdogo akasema, "zabibu inaiva hiyo."

Kuhusu meno: alionja punje chache za pembeni, alipodhani pasafi, na kitu kikagusa jino la juu. Kiligusa tu! Kikatoka kwa mafuta ya kula na kitambaa, na vidole pia vikatoka hivyo hivyo. Lami inayeyushwa na mafuta ya kupikia vizuri tu, hakuna haja ya kumpaka mkweo petroli. Chipsi kuku zikaagizwa barabarani, pilau lote likafukiwa shimoni maana hata kuku huwezi kuwapa kitu chenye lami na dizeli, baba mkwe akacheka hadi akakaa chini, wakaondoka kabla ya magharibi. Mama mkwe aliniaga vizuri. Alisema jiko limejengwa vizuri sana.

Leo nimeikwangua lami yote asubuhi mapema, bado baridi, maana ikiwa ngumu inabanduka kwa spachula, ikiwa moto inasambaa. Mabaki nikayafuta kwa mafuta ya taa, moto ukiwa umezimwa tangu jana. Bati mbili zilizo juu ya jiko nimezitoa, nitaweka zisizo na tundu hata moja. Hizo zenye matundu zimehamia pembeni, juu ya viti, kwa tyubu, washa na bolti. Jiko nalo nalisogeza mbele, kwenye kimo cha futi 8, na juu yake bati mbili za kati zitaachana kwa shubiri ili moshi utoke, zikifunikwa na kipande kilichoinuliwa juu ya vijiti ili mvua ya vuli isiingie.

Bolti zimeniishia. Nataka za robo inchi, fupi, na washa pana. Aliye karibu na Gerezani anipitie, nitamrudishia hela. Picha msiniombe mimi, anazo shemeji.