Piano ya Mholanzi na kamancheh ya Muajemi: wanachanganya au wanachota?

Kuna trio ya jazi ya Uholanzi naisikiliza sana siku hizi, Rembrandt Frerichs kwenye piano, Tony Overwater kwenye besi na Vinsent Planjer kwenye ngoma, na mwaka 2019 walitoa albamu na Kayhan Kalhor, yule fundi wa Iran wa kamancheh, fidla ya Kiajemi inayopigwa ikiwa wima, inaitwa It's Still Autumn. Nikamrushia jamaa yangu anayepiga kanuni kwenye kikundi cha taarab, akasikiliza nusu akanirudishia voisi ndefu kwamba ni yaleyale, wazungu wakiishiwa wanakuja kuchota kwa wenzao. Sikukubaliana naye ila kumkatalia moja kwa moja nako nikashindwa.

Maana hoja yake ina mashiko. Muziki wa Kiajemi, yaani wa Iran, unatembea kwenye dastgah, yaani mifumo yake ya noti na melodi, na kwenye dastgah kama Shur kuna noti inakaa katikati ya vibonye viwili vya piano, huipati hata ufanyeje. Kalhor anaipata kwa kidole tu, kamancheh ameisimamisha gotini na anaizungusha yenyewe ili uzi uufuate uta. Sasa mpiga jazi akitandika akodi zake, yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, chini ya melodi hiyo, ile noti inasikika kama imekosewa, sikio linaivuta irudi kwenye skeli ya kawaida ya kizungu, na hapo umeshaiua. Nimeisikia hiyo kwenye michanganyiko mingi mno na inaniuma. Halafu kuna suala la milango: pasi ya Uholanzi inapita karibu kila mpaka, ya Iran inaombewa viza safari kwa safari.

Lakini hawa jamaa walifanya kitu ambacho wengi hawafanyi, waliweka chini vyombo vyao. Frerichs akaacha piano kubwa ya ukumbini akachukua fortepiano, piano ya enzi za Mozart, fremu ya mbao, vinyundo vimevikwa ngozi, sauti yake inakufa haraka. Overwater akashika violone, ambayo ni kama babu wa besi, na Planjer akajiundia seti yake ya ngoma za sauti ya chini. Vaa hedifoni usikie, fortepiano inadondosha noti kavukavu mpaka kuna sehemu unadhani ni santur, kile chombo cha Iran cha nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, na kamancheh haihangaiki kupiga kelele ili isikike. Mwenyeji kushusha sauti yake ili mgeni aongee, mi naiita adabu.

Na Kalhor si mtu wa kuburuzwa, huyu amepiga na Wahindi, amepiga na Waturuki, amekaa kwenye Silk Road, kundi la wanamuziki wa mataifa mbalimbali la mpiga cello Yo-Yo Ma, anajua anaingia wapi.

Kingine, Wairani wenyewe waliichukua piano zamani. Mpiga piano wao Morteza Mahjubi, aliyefariki 1965, alikuwa anaituni upya ikae kwenye noti za Kiajemi, ukimsikiliza unasahau kabisa kwamba chombo kimetoka Ulaya. Na sisi wa taarab tuseme nini? Kanuni na udi vya Uarabuni, fidla na akodiani za Ulaya, melodi ngapi tumezitoa kwenye filamu za Kihindi, na bado ni muziki wetu.

Ninapobaki upande wa jamaa yangu ni kwa msikilizaji. Mtu kakaa Amsterdam, kasikia dastgah kwa mara ya kwanza akiwa ameshikwa mkono na trio ya jazi, anaenda nyumbani anajua amesikia muziki wa Iran, kumbe kasikia mazungumzo na upande mmoja hajawahi kuusikia ukiongea peke yake, na kosa hilo wanamuziki hawawezi kulimaliza hata wapige vizuri vipi.

Juzi nilimtumia huyo jamaa rekodi ya Mahjubi. Kuhusu Waholanzi hajasema neno, kaniuliza tu ile piano waliitunije.