Acheni kuwaambia watoto "vuta i"

Juzi nimemsikia mwalimu akimkaripia mtoto wa kidato cha kwanza mbele ya wenzake, eti "ship" na "sheep" kazitamka sawa. "Vuta i! Nimesema vuta!" Mtoto akavuta mpaka pumzi ikamwishia, darasa zima likacheka. Niliudhika, na mpaka naandika hapa bado nimeudhika.

Mtoto huyo kasoma miaka saba kwa Kiswahili, chenye irabu tano. Kiingereza cha vitabuni, kile cha Uingereza, kina sauti za irabu kama 20. Sikio lake linazigawa zote kwenye zile tano. Ndivyo "shirt" ilivyokuwa shati na "skirt" ikawa sketi, ingawa Mwingereza hutamka irabu ile ile kote kuwili.

Na hilo la kuvuta linapotosha. Tofauti kubwa ni mahali ulimi unapokaa. I yetu iko karibu sana na ya "sheep". Ngeni kwetu ni ya "ship", iliyo kati ya i yetu na e yetu, ulimi umelegea, midomo haijatanuka. Mtoto akiifupisha i yake anapata "sheep" fupi, basi. Tena urefu wenyewe haukai mahali pamoja: t ya mwisho huifupisha irabu ya "beat" hata ikakaribiana na ya "bid". Kamusi ya matamshi ya Daniel Jones ya 1917 ilizitenga irabu hizi kwa alama ya urefu tu. Mwaka 1977 Gimson, mhariri wa toleo jipya la kamusi hiyo, akazipa alama tofauti kabisa. Madarasa yetu mengi hayajafika huko.

Haya, sentensi huokoa mengi. Ukisema umepanda "ship" kwenda Zanzibar utaeleweka vyovyote utakavyotamka. Lakini "I want to live" na "I want to leave"? Hapo sentensi haikusaidii kitu.

Tuanze na sikio, jamani. Mwalimu afunike mdomo kwa daftari, aseme "live", "leave", "leave", "live"; wanafunzi wanyooshe kidole kimoja au viwili, asitamke mtu. Kesho aje mwalimu mwingine, keshokutwa sauti ya kwenye simu, ya kike, ya kiume, maana sikio lililozoea sauti moja humkariri msemaji. Wakishasikia tofauti, ndipo waambiwe: semeni i, sasa legezeni ulimi ushuke kidogo kuelekea e. Atakayekosea arudi kusikiliza, asisimamishwe mbele ya wenzake.