Tumbo la mtoto na swali ambalo kliniki hailiulizi

Mtoto wa miaka 7 aliletwa kwetu mara ya tatu ndani ya miezi miwili, na mara zote tatu ugonjwa ulioandikwa kwenye daftari lake ulikuwa uleule: tumbo. Mara ya kwanza alipimwa malaria, hakuwa nayo, akapewa dawa ya minyoo. Mara ya pili alipimwa mkojo na choo, navyo vikawa safi, akapewa dawa ya minyoo tena kwa sababu hakuna aliyefungua ukurasa wa nyuma. Mara ya tatu shangazi yake aliyemleta alikuwa amekwishachoka. Akatueleza kwamba nyumbani walisema ni mchango wa tumbo, kisha wakasema ni zongo, yaani jicho la husuda, mtoto akapelekwa kwa mzee mmoja akasomewa, na bado usiku anashtuka na kulia. Daktari wa zamu alikuwa anaandika karatasi ya kwenda kupigwa ultrasaundi. Muuguzi mwenzangu, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa pembeni akimfunga mtoto mwingine kidonda, na bila hata kugeuka akamuuliza yule wa tumbo: "Baba, ukitoka shule unakula kwa nani?"

"Kwa bibi wa vitumbua."

Shangazi alishangaa, maana alichojua yeye ni kwamba mtoto anaishi na kula kwa baba yake mdogo. Ilichukua nusu saa, na ilibidi daktari atoke nje sisi tubaki, ndipo mambo yakajulikana. Mama yake alikuwa ameondoka kwenda Oman kufanya kazi za ndani, tumbo lilianza wiki ileile, na kwa baba mdogo kulikuwa na kuchapwa mkanda. Tena siku nyingine mlango ulifungwa kabla mtoto hajarudi. (Nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike.) Tumbo lilikuwa likimuuma kweli. Hakuwa anadeka, wala hapakuwa na mdudu.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya watoto kwa miaka 12, na maoni yangu ni kwamba swali la yule mama lilikuwa tiba sawa na dawa yoyote iliyoko dirishani, ila ni tiba ambayo hatukufundishwa kuitoa, hatuna mahali pa kuiandika, na aliyeitoa aliitoa kwa sababu ya utu uzima wake, si kwa sababu ya mwongozo wowote. Mtoto huyu nilimjua tangu mchanga. Kadi yake ya kliniki ina nukta za uzito nilizoziweka kwa mkono wangu, mwezi baada ya mwezi, na mstari wake unapanda vizuri mpaka chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18; baada ya hapo, kama ilivyo kwa watoto wengi, nukta zinaanza kurukaruka, kisha zinakoma. Tulijua gramu zake. Hatukujua nani anamlaza.

Jambo hili si geni katika utabibu. Mwaka 1985 huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti aliyekuwa akiendesha kliniki ya kupunguza unene alishangazwa na jambo moja: waliokuwa wakiacha matibabu katikati walikuwa wengi wao walewale waliokuwa wanafanikiwa. Alipokaa nao akawahoji, aligundua kwamba wengi walidhulumiwa kingono utotoni, na kwamba unene kwao ulikuwa kama ngao. Baadaye yeye na Robert Anda, wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 juu ya madhila ya utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kutelekezwa, kulelewa na mlevi au mgonjwa wa akili, kumwona mama akipigwa. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Aliyepitia aina nne au zaidi za madhila hayo alikuwa na hatari kati ya mara 4 na 12 zaidi ya kuingia katika ulevi, dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua, kuliko yule ambaye hakupitia lolote. Na magonjwa ya moyo, ya mapafu na ya saratani nayo yaliongezeka kwa ngazi kadiri madhila yalivyoongezeka.

Njia ambayo hofu hupita kufika mwilini inaeleweka. Mtoto akitishwa, mwili wake humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hukimbia, tumbo hukaza, usingizi hukatika, na yote hayo ni msaada mkubwa iwapo tishio litapita na akampata mtu wa kumkumbatia. Pale tishio linapolala naye nyumba moja, mwili haupati nafasi ya kutulia, na baada ya muda hali ya kutishika ndiyo inayokuwa hali yake ya kawaida. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na faraja yetu ya siku zote kwamba "bado mdogo, atasahau". Huenda akasahau kwa maneno, lakini tumbo lina kumbukumbu zake.

Hata hivyo, sipendi kuona tunaichukua fomu hiyo ya maswali ya Wamarekani kama ilivyo na kuanza kuwapa watoto wetu alama, moja kwa kila aina ya madhila. California imekwenda njia hiyo: Januari 2020 mpango wake wa bima ya afya kwa wenye kipato kidogo ulianza kumlipa daktari dola 29 kwa kila mtu anayemchunguza kwa maswali hayo, jitihada iliyosukumwa na Nadine Burke Harris, daktari wa watoto aliyekuwa Daktari Mkuu wa kwanza wa jimbo hilo. Namheshimu kwa kulifanya jambo hili kuwa la hospitali za watoto. Lakini mwaka huohuo wa 2020 Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, alionya kwamba jumla ya alama ilitengenezwa kupima hali ya umma, na haifai kumtabiria mtu mmoja mmoja. Na fomu ile ya asili ingemkosa mtoto wetu wa vitumbua, angalau kwa jambo kubwa kuliko yote. Inauliza kama wazazi wametalikiana au kutengana. Haiulizi kama mama yuko Muscat analea watoto wa watu ili alipe ada. Shirika la Afya Duniani lina maswali yake marefu zaidi, yanayoongeza uonevu wa wenzao, ghasia za mtaani na vita, na hayo yanatukaribia kidogo. Bado, mama aliyesafiri kutafuta riziki hayumo.

Wala tusijidanganye kwamba tatizo hili ni la kwao. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, bara na visiwani, na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takribani mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa. Ukiwa na benchi la watoto kumi asubuhi, fanya hesabu mwenyewe.

Hapo kwenye kupigwa ndipo penye ugumu wetu hasa, na sitaki kuuzunguka. Muuguzi akiona michirizi miguuni mwa mtoto, atauanzia wapi? Kanuni za elimu za mwaka 2002 zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, wakati jirani zetu wa Kenya walivipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Wengi wetu tulilelewa kwa bakora na tunaamini ilitunyoosha. Nimewahi kumsikia mfanyakazi mwenzangu akimwambia mama aliyeleta mtoto mwenye alama za waya: "Mpige, lakini si hivi." Alidhani anamtetea mtoto.

Na sisi wenyewe tuna yetu. Watoto wangapi wameambiwa "ukilia daktari atakuchoma sindano" hata kabla hawajafika getini? Wakifika, tunawathibitishia. Nimewahi kumkandamiza mtoto wa miaka minne kitandani, mimi nimeshika miguu, mwingine mikono, mama anaambiwa asubiri nje ili "asituharibie kazi", na mstari wa dripu ukapatikana katika jaribio la tano. Tuliokoa maisha yake, hilo sijutii. Ninachojutia ni yule mama kutolewa nje, maana mtu pekee ambaye angeweza kuituliza ile hofu alikuwa nyuma ya mlango tuliomfungia sisi. Kumpakata mtoto mapajani mwa mama wakati wa kuchoma hakuongezi gharama yoyote. Kumweleza kwanza, kwa maneno yake, kwamba itauma kisha itaisha, hakuchukui hata dakika moja.

Wenzangu husema hatuna muda, foleni inafika getini. Yule mtoto alipimwa malaria, mkojo na choo, akameza dawa ya minyoo mara mbili, na angelipiwa ultrasaundi. Nusu saa ya kuzungumza ilikuwa rahisi kuliko vyote. Hoja ninayoiheshimu ni nyingine: kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka ni kumfunua mtu kidonda ukamwacha nacho. Kwetu afisa ustawi wa jamii mmoja anabeba kata nne. Vipo vituo vya mkono kwa mkono, ambamo tabibu, polisi wa dawati la jinsia na watoto, na ustawi wa jamii wanakaa chini ya paa moja, na Zanzibar ilitangulia kuvianzisha. Palipo na kituo hicho mtoto hazungushwi na fomu ya polisi ya PF3 kutoka ofisi hadi ofisi akisimulia upya kila mahali. Lakini viko hospitali kubwa, na vinamngoja mtoto ambaye jambo lake limekwishakuwa kesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe serikali ya mtaa, na simu namba 116 ipo kwa ajili ya watoto. Mama anayejua hayo ataogopa kufungua mdomo mbele yangu asipoelewa mapema ni lipi nitalazimika kulipeleka mbele na lipi litabaki kwetu. Hilo aambiwe kabla ya swali, si baada ya jibu.

Pendekezo langu ni dogo kuliko fomu. Desemba 2021 nchi ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kuanzia mimba hadi miaka 8, na kwa hiyo mlango wa kupitishia jambo hili upo. Kwenye kadi ya kliniki, chini ya uzito na chanjo, pawekwe mstari mmoja unaojazwa upya kila mwaka: mtoto huyu akiumia au akiogopa, humkimbilia nani? Jina na simu. Panapokosekana jina, huyo ndiye mtoto wa kuitwa kando na kupewa muda. Panapokuwa na jina, tunajua wa kumshirikisha siku mambo yakiharibika, kwa sababu linalomponya mtoto wa namna hii, kwa niliyoyaona, ni mtu mzima mmoja asiyebadilika-badilika kuliko ushauri wetu wa mara moja. Na swali liulizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa, si benchini mbele ya akina mama kumi na watano wanaojuana mtaa mzima.

Kwa yule mtoto, mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi walikaa na ukoo, akahamia kwa shangazi, na mama yake hupiga simu kila Ijumaa. Bibi wa vitumbua nilimwandika mwenyewe pembezoni mwa daftari, kwa kalamu nyekundu, maana mahali pake hapakuwapo. Tumbo halijaisha kabisa. Shangazi anasema humrudia Ijumaa usiku, simu ikishakatwa.