Utingo wa Shomari

Mtoto wa kupakata halipi nauli. Maneno hayo aliniambia kijana wa tiketi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na mimi kwa ujinga wangu nikatabasamu. Nikajiona mjanja: tunasafiri watatu, tunalipa wawili, mpaka Bukoba. Kumbe nauli ya Shomari ipo, ila hailipwi dirishani. Inalipwa kidogo kidogo njia nzima, kwa magoti, kwa mgongo na kwa aibu.

Shomari ana miezi minane. Nimemrithisha jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo mama yake humwita "baba mkwe", na mtoto naye cheo hicho amekipokea kwa mikono miwili. Haombi, anaagiza. Kliniki ya mwisho alikuwa na kilo 8 na gramu 200. Mizigo yake niliipeleka kwa jamaa anayenunua vyuma chakavu mtaani kwetu Mbagala, akaining'iniza kwenye mzani wake: kilo 37. Jamaa akaniuliza kama nauza.

Sasa mizigo yenyewe. Beseni la kuogea, la rangi ya waridi, lenye maua. Poti. Neti. Chupa mbili za chai, moja ya maji moto, moja ya uji. Unga wa lishe kilo mbili, kana kwamba Kagera hakuna mashine ya kusaga. Kanga niliacha kuhesabu zilipofika saba. Pampasi, katoni nzima. Na juu ya yote, kile kigari cha kujifunzia kutembea, chenye matairi sita na muziki, ambacho kilikuwa kinaimba chenyewe ndani ya kiroba kila kikiguswa. Utingo wa basi akalitazama beseni lililofungwa kwa kamba ya katani juu ya kiroba, akakisikiliza kiroba kinavyoimba, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, unahamia?"

Nina miaka thelathini na mbili. Mzee.

Najua utaniuliza kwa nini sikupanda treni. Nilifikiria. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma kwa saa chache tu, na nilimweleza mama Shomari habari hiyo kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na pale Dodoma, hivyo viroba anavihamishia stendi nani?" Nikaiacha hoja. Ndege nayo niliipigia simu, dada akanitajia bei, nikamshukuru, nikamtakia siku njema.

Basi liliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mpaka Kibaha Shomari amelala fofofo, nikasema moyoni, mbona rahisi. Tukafika mzani wa Vigwaza. Basi likaingia kwenye foleni, likasimama, na Shomari akafumbua macho.

Hapo ndipo nilipoijua sheria yake. Gari likitembea, analala. Gari likisimama, analia. Limesimama kwa nini, hiyo haimhusu. Mzani wa Vigwaza, kilio. Mzani wa Mikese, kilio. Trafiki akiinua mkono kule mbele, mtoto anaanza kabla dereva hajakanyaga breki. Na barabara ya kati, kama unaijua, ni ya kusimama simama: mzani, tochi ya trafiki ya kupima mwendo, abiria wa njiani, wauza nyanya wa Dumila, tochi tena. Ilifika mahali basi likisimama watu wananitazama mimi, siyo dereva.

Halafu kukaundwa kamati. Basi lina watu hamsini na kitu, na wote wamesomea utoto. Mama wa siti ya nyuma akasema ana njaa. Akanyonyeshwa, akavuta mara mbili, akageuka kukagua abiria, akaendelea pale alipoishia. Mama wa upande wa pili akasema ni gesi, mwekeni begani. Nikamweka begani, akanitapikia kola. Kijana mmoja akachomoa spika ya sikio moja, akasema mtoto anasikia joto. Dada wa siti ya mbele akasema hapana, anasikia baridi, hiyo AC inampiga utosini. Tukamvua soksi kwa ajili ya kijana, tukamvalisha kwa ajili ya dada. Mwisho mzee mmoja wa kofia, aliyekuwa kimya tangu Mbezi, akageuza shingo taratibu, nikajua sasa hekima inakuja. Akasema: "Huyo amepigwa jicho. Mlimwonyesha watu wengi stendi."

Sasa, mzee wangu, stendi ile ningemficha wapi?

Mbele kidogo ya Gairo tukapewa dakika kumi na tano za chakula. Mpango wetu ulikuwa mama ale kwanza mimi nimeshika mtoto, halafu tubadilishane. Mpango mzuri kwenye karatasi. Mama Shomari akapanga foleni, akapata chipsi kuku, bei yake siitaji. Alipomaliza akampokea mtoto, mimi nikashika paja la kuku, na honi ikapigwa. Nikakimbia na paja mkononi. Tulipokaa, Shomari akalidaka. Ana meno mawili tu, kwa hiyo hakulila, alinipaka nalo mafuta shati zima, akianzia ule upande ambao haukutapikiwa.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Kesi yenyewe ilitokea baada ya Manyoni.

Dereva alisimamisha gari porini, konda akatangaza kuchimba dawa. Wanaume huku, wanawake kule, kila mtu na kichaka chake. Nikamkagua Shomari: mkavu, msafi, ananukia poda. Nikamwambia baba, chimba dawa sasa, wenzako wote wanachimba. Akanitazama kama mwenyekiti anayesubiri mjumbe amalize kuchangia. Watu wakarudi, mlango ukafungwa, basi likashika lami, gia ya tatu, gia ya nne, na hapo nikaona uso wa mwanangu unaiva. Macho ameyatuliza mbali, ngumi amezikunja. Nikajua.

Basi lenyewe la kiyoyozi, vioo havifunguki. Wakati wa kukata tiketi nilitajiwa hilo kama sifa. Harufu ilianzia siti yetu, ikaenda mpaka kwa dereva, ikagonga kioo cha mbele, ikarudi ikiwa imeongeza nguvu. Kamati nzima kimya. Watu waliokuwa na majibu tangu Vigwaza, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, na nawaelewa, kufungua mdomo kulikuwa na hatari zake.

Mama Shomari akatandika kanga mapajani, mimi nikawa mshika miguu. Basi liko spidi 80, siti ni ya watu wawili, na mtoto anajinyonga kama kambare. Mguu mmoja ukanichoropoka. Kisigino kikaingia pale pale kisipotakiwa kuingia, kikatoka, kikaenda kupumzika nyuma ya siti ya yule dada wa AC, kwenye kitambaa cheupe. Hakuona. Mpaka leo nadhani hajui, na kama anasoma hapa, dada yangu, samahani sana.

Pampasi ikabaki mkononi mwangu. Pa kuitupa hakuna. Na mifuko ya plastiki, kama mjuavyo, ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo nilichokuwa nacho ni ule mfuko mbadala wa kitambaa chepesi. Ule mfuko unapumua. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Niliupakata mpaka Singida mjini, nimenyooka, mikono miwili juu yake, kama mshenga aliyebeba posa. Konda alikuwa anakuja na kreti ya soda, akaona nilichoshika, akageuza.

Mlima Sekenke tuliushuka saa mbili usiku. Dereva akatia breki ya injini, gari likaanza kuunguruma kutoka tumboni: grrrrrr, halafu psssh, halafu grrrrrr tena. Shomari, aliyekuwa anahangaika tangu Singida, akatulia. Akatega sikio. Akatia kidole mdomoni, akalala. Akalala Igunga, akalala Nzega, Kahama tukasimama kushusha watu hakutikisika. Zamani mabasi ya Bukoba yalilazimika kulala njiani, watu wananyoosha miguu, lakini tangu 2023 ruksa kutembea usiku, kwa hiyo hatukulala popote isipokuwa yeye. Goti langu la kushoto lilikufa ganzi Igunga, nikalifufua Biharamulo. Na bado nilikuwa na furaha. Sikujua kwamba pale mlimani mtoto alikuwa ananunua tabia, na bili inakuja kwangu.

Tuliingia Bukoba alfajiri, mvua inanyesha, maana Bukoba mvua haingoji msimu. Shomari akaamka mpya kabisa, akacheka na kila mtu. Yule mzee wa kofia akamfinya shavu, akasema: "Mtoto mtulivu sana huyu."

Kwa mama mkwe ni nje kidogo ya mji, ndani ya migomba. Kitu cha kwanza nilichokiona, kimewekwa chini ya bati kinakinga maji ya mvua, ni beseni. La waridi. Lenye maua yale yale. Nikasimama pale na langu begani. Kilomita karibu 1,400.

Poti nayo haikuguswa. Bibi alikaa kigodani, akamkalisha mjukuu juu ya nyayo zake mbili alizoziachanisha kidogo, akampigia mluzi mwembamba, na yule yule aliyeninyima ushirikiano porini akamaliza shughuli yote kwa adabu ndani ya dakika moja. Unga wa lishe ulirudi kabatini. Mama Shomari alikuwa na ratiba ya chakula aliyoitoa kwenye intaneti, saa tatu hiki, saa sita kile. Mama mkwe akaishika, akasifu mwandiko, akaponda ndizi moja ya kupikwa kwa mgongo wa kijiko na kumsogezea mtoto. Mtoto ambaye uji wangu anautema hadi ukutani akapanua mdomo kama kifaranga. Hata jina lilibadilika. Kufika jioni nyumba nzima inamwita Mugisha. Nikamlalamikia mama Shomari chemba, akanijibu: "Mbona baba mkwe mwenyewe hajalalamika?"

Kadi ya kliniki tuliitafuta siku mbili. Muuguzi alikuwa ametusisitizia, akifikisha miezi tisa ana chanjo ya surua na atakuwa bado yuko huku. Tulipekua viroba vyote uani mbele ya mashemeji, kigari kikaimba, kanga zikaanikwa hadharani. Ilikuwa ndani ya poti.

Na wageni! Kila anayekuja ananyoosha mikono, mtoto anapiga ukunga kama anaibiwa. Siku tatu nzima hakutaka sura ngeni. Alimtaka mbeba mizigo wake. Nikawa nakunywa chai naye, naoga yeye analia mlangoni, naongea na baba wadogo wa mke wangu mambo ya heshima huku kidole chake kiko puani kwangu.

Mchana ulivumilika. Usiku ndiyo tatizo, kwa sababu nyumba haitembei. Mtoto amezoea saa tisa za mtetemo, umemlaza kwenye kitanda kilichotulia, nje kimya, vyura na mvua tu. Kwake hiyo ni Vigwaza. Gari limesimama. Analia.

Usiku wa kwanza nikatikisa kitanda. Ni kitanda cha mbao, cha zamani, na nilipokitikisa mara tatu kikalia kwii, kwii, kwii. Mama Shomari akanikamata mkono gizani. Chumba cha mama yake ni ukuta huu hapa, na ukuta wenyewe haukufika darini. Baba, fikiria mwenyewe: kitanda cha ukweni kinalia namna hiyo usiku wa manane, asubuhi utamtazama nani usoni?

Usiku wa pili nikambeba, nikazunguka chumbani. Chumba ni hatua nne, nilizipiga mpaka nikasikia kizunguzungu. Usiku wa tatu, saa tisa, akili ikanijia. Nikamlaza kifuani, nikasogeza mdomo karibu na sikio lake, nikaanza pole pole: grrrrrr. Kilio kikapungua. Psssh. Akatega sikio. Nikaona hii ndiyo, nikaingiza gia ya pili. Nikashuka Sekenke yote kwa mdomo, na kona zake. Kila nikinyamaza kuvuta pumzi anafumbua jicho moja, kwa hiyo nikajifunza kuunguruma nikivuta ndani pia. Igunga. Nzega. Kahama nikamshusha abiria mmoja, sijui kwa nini, ulikuwa usingizi. Na nilipoona tumekaribia Biharamulo na mtoto amelala kweli kweli, furaha ikanizidi, nikapiga honi. Ndogo tu. Mara mbili.

Asubuhi nikamkuta mama mkwe jikoni anamenya ndizi. Nikapiga goti pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama mama."

Akamenya ndizi moja, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine. Hakuinua macho.

"Na lile basi la saa tisa, lilifika salama?"

Nikatazama chini. Nikasema lilifika, mama.

"Haya. Leo likipita, mwambie dereva honi asipigie hapa. Nina kuku anaatamia."