Sprinti ya wiki mbili na mwezi wa wavuvi wa dagaa

Timu za programu ninazozifahamu hapa Mwanza karibu zote hupanga kazi kwa wiki mbili mbili. Jumatatu asubuhi mnakaa mezani, mnachagua kazi za siku 14 zijazo, mnafunga orodha, mnaanza. Hiyo ndiyo sprinti, na utaratibu mzima unaitwa Skramu. Ubishi usiokwisha ofisini kwetu ni mmoja: orodha ikishafungwa, mteja akija katikati na jambo lake, asubiri sprinti ijayo au tuifungue?

Wapo wanaotaka ifungwe kwa kufuli. Wengine wanasema tuachane na sprinti, twende Kanbani: ubao uwe ukutani, kazi ziingie kadiri zinavyokuja, na kinachowekewa kikomo kiwe idadi ya kazi zilizo mikononi kwa wakati mmoja. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili, na kila upande una hoja ambayo mwenzake anaipita haraka mno.

Nianze na wanaofunga, maana walituokoa. Tuko watano. Kabla ya sprinti, bosi wetu alikuwa simu: aliyepiga mwisho ndiye aliyehudumiwa. Ijumaa ikifika unakuta kazi saba zimeanzwa, hakuna iliyokwisha, na kila mtu amechoka. Kuandika programu kunataka saa ndefu zisizokatwa, na orodha iliyofungwa ilitupa saa hizo. Ilitupa pia neno la kumwambia mteja bila kumvunjia heshima: jambo lako limeandikwa, litajadiliwa tarehe fulani.

Kikao chenyewe cha kupanga kina faida ambayo watu wa Kanbani huisahau. Tunatengeneza programu ya kupokelea dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia. Karani anahesabu ndoo, anaingiza kwenye simu jina la mtumbwi na idadi, kisha mwenye mtumbwi na mnunuzi wanapata ujumbe. Siku moja kadi iliyokuwa mezani ilisema: "Karani aweze kusahihisha idadi aliyokosea." Tunakadiria ukubwa wa kazi kwa namba 1, 2, 3, 5, 8 na 13, na kila mmoja anafunua yake kwa wakati mmoja ili mdogo asimfuate mkubwa. Wanne tulifunua 3. Mdogo wetu kuliko wote alifunua 13.

Tukamuuliza kulikoni. "Kaka, mimi nimekaa wiki nzima kisiwani Kome," akasema. "Kule mtandao unaupata ukipanda juu ya mwamba. Karani anaandika, anakosea, anasahihisha, na hata ile ya kwanza haijatoka kwenye simu. Seva itajuaje kwamba hii ni sahihisho na si mzigo mwingine?" Sisi wanne hatukuwa tumeliwaza hilo. Bila kile kikao, na bila zile namba kutofautiana, angefungua kompyuta yake akiwa na jibu kichwani na asingeulizwa na mtu.

Lakini kilichofuata ndicho kinachowapa nguvu wapinzani wa kufuli. Kazi ya 13 isingeingia kwenye sprinti ile, na tulikuwa tumekwisha kumwahidi mteja. Basi tukambembeleza. Akashusha hadi 8. Kazi ikaingia, na Ijumaa ya mwisho ikawekwa alama ya "imekamilika" bila kujaribiwa mahali pasipo na mtandao. Niliiweka mimi ile alama.

Siku ya tatu ya sprinti iliyofuata, alfajiri, simu ikaita. Karani alikuwa ameandika ndoo 41 badala ya 14, akasahihisha, na mtandao haukuwapo. Ulipokuja, seva ikapokea 41, kisha ikapokea 14 kama mzigo mpya. Mtumbwi uliopakua ndoo 14 ukasomeka 55. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshika ujumbe mkononi akidai fedha za ndoo 55, mnunuzi anakataa, na karani kasimama katikati yao akiitwa mwizi.

Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akasema liandikwe, litaingia sprinti ijayo. Siku 11 baadaye! Mama anayenunua dagaa pale, ambaye ndiye anayetulipa, nilipojaribu kumweleza habari ya sprinti alinijibu, "Mwanangu, mimi giza ndiyo kwanza limeanza. Siku 11 nitakuwa nimenunua mizigo mingapi?"

Tukafungua kufuli. Dawa yenyewe haikuwa ngumu: kila ingizo lizaliwe na namba yake palepale kwenye simu, na sahihisho libebe namba ileile, ili seva iviunganishe hata vikifika kwa kupishana. Ilitula siku nne, na lengo la sprinti ile halikufikiwa. Watu wa Kanbani wakasema wangelishika jambo hilo asubuhi ileile bila kuvunja ahadi yoyote, na ni kweli. Ila kwa Kanbani tupu, ile 13 pengine isingefunuliwa kamwe.

Kuhusu zile namba, inafaa kukumbuka kwamba Ron Jeffries, mmoja wa watu 17 waliotia sahihi mwaka 2001 tamko la ajaili, yaani la kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi zinazokubali mabadiliko, aliandika baadaye kwamba huenda yeye ndiye aliyebuni kukadiria kwa pointi, yaani kwa namba kama hizo, na kama ni yeye basi anajuta. Namwelewa. Namba yetu ilifanya kazi yake pale ilipoibua mazungumzo. Tulipoanza kuipunguza ili itoshe kwenye wiki mbili, ikawa uongo tuliokubaliana wote.

Nao mwongozo wa Skramu hausemi yale ambayo wengi wanauegemezea. Toleo la mwaka 2011 liliondoa wazo kwamba timu inajifunga kumaliza kila kitu kilichopangwa, likasema kilichopangwa ni utabiri. Toleo la 2020 linaiwekea timu ahadi juu ya lengo la sprinti, na orodha ya kazi inaruhusiwa kujadiliwa upya kadiri mambo yanavyojulikana. Wiki mbili pia hazimo. Limo sharti kwamba sprinti isizidi mwezi mmoja.

Hapo neno la yule mama lilinirudia. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea hawasogelei taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Mzunguko huo ni siku 29 na nusu. Sprinti za siku 14 zikianzia mbalamwezi, ya kwanza inaishia katikati ya giza, wakati karani hana hata dakika ya kujifunza kitufe kipya, na ya pili inaishia karibu na mbalamwezi tena. Toleo moja kati ya kila mawili ya programu yetu tulikuwa tunalipeleka siku mbaya kuliko zote. Na kwa kuwa kila mzunguko mnapungukiwa siku moja na nusu, baada ya miezi mitano mmeteleza wiki nzima.

Ndiyo maana napendekeza kwa kazi hii ya mwaloni tupange kwa mwezi wa wavuvi: kikao kiwe wakati wa mbalamwezi, ambapo mama na makarani wana nafasi ya kukaa nasi, lengo liwe moja, na toleo litoke mbalamwezi inayofuata. Wanne washike lengo. Wa tano, kwa zamu ya wiki moja moja, apokee hitilafu kadiri zinavyokuja, kwa ubao wa Kanbani. Mteja wetu mwingine, aliye nje ya nchi, analipa kwa kila wiki mbili na mambo yake hayategemei mwezi. Huyo abaki na wiki mbili zake.

Mwenzetu mmoja hajakubali, na hoja yake ni nzito. Anasema mwezi ni mrefu: tukikosea siku ya kwanza, tutagundua baada ya siku 29, na huko nyuma tulikuwa tunagundua baada ya 14. Sina jibu kamili. Nimemwambia tumwonyeshe mama kazi katikati ya giza, mimi nimfuate mwaloni Kirumba na simu mkononi, dakika kumi tu, bila kupeleka toleo. Amesema tujaribu mizunguko mitatu, kisha tuhesabu ni hitilafu ngapi zimefika mwaloni.

Mbalamwezi ijayo tunakaa. Kadi ya kwanza inahusu makarani wawili kupokea mtumbwi mmoja kwa simu mbili, tena pasipo mtandao. Yule mdogo wetu amekwisha kuiona, na amesema namba yake ni 13. Safari hii hatumwombi ashushe.